Gari la wanafunzi la kwenda mbali kwa mafuta kidogo: tuanze na injini au na matairi?

Mwalimu wa Karakana, Tanga

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni mwalimu wa ufundi wa magari katika shule moja ya sekondari mkoani Tanga. Kwa miezi miwili sasa wanafunzi wangu kumi na wawili hawaniachi nipumue, tangu nilipowaonyesha picha za mashindano ya Shell Eco-marathon, yale ambayo wanafunzi hujenga gari dogo lenye umbo la samaki, dereva akalala chali ndani yake, na mshindi si yule anayefika mwanzo bali yule aliyetumia mafuta machache kwa umbali uliopangwa. Nilisoma kwamba mwaka 2005 gari la PAC-Car II, lililojengwa na wanafunzi wa chuo cha ETH cha Zürich nchini Uswisi, lilitumia hidrojeni kiasi ambacho, kikigeuzwa kuwa petroli, kingelipeleka kilomita 5,385 kwa lita moja. Kijana mmoja aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, hiyo si chumvi?" Nikakosa jibu la kutosha.

Hatuna nauli ya kwenda Ulaya wala Asia, na sitaki kuwadanganya watoto kwamba tutakwenda. Tumekubaliana na shule nyingine mbili za jirani tufanye mashindano yetu wenyewe mwishoni mwa mwaka, kila shule ilete gari moja la magurudumu matatu na tupime nani amekwenda mbali zaidi kwa kipimo kilekile cha petroli. Mzazi mmoja ametupatia injini ya bodaboda ya cc 125 ambayo bado iko kwenye sanduku lake. Tuna mabomba ya chuma, mashine ya kuchomelea, baiskeli nne za BMX zilizokufa na plaiwudi ya kutosha.

Maswali yangu ni mawili. Je, injini hiyo inafaa, au tutafute ndogo zaidi? Na je, katika gari la namna hii, siri ya kupunguza ulaji wa mafuta iko wapi hasa? Wanafunzi wanataka kuanza kufungua kabureta kesho asubuhi, nami nawazuia bila kuwa na sababu ya kuwapa.

---

Mhandisi wa Kongowea

Mwalimu, salaam kutoka Mombasa. Endelea kuwazuia, na sababu nitakupa.

Nilisoma Uholanzi na nikawa katika kikosi cha wanafunzi kilichoshiriki mashindano hayo Rotterdam, miaka ile yalipokuwa yakifanyika kwenye barabara za mji zinazozunguka ukumbi wa Ahoy. Kosa letu la mwaka wa kwanza lilikuwa hilohilo la vijana wako. Tulikaa na injini miezi mitano, tukaichonga na kuisuka upya, halafu siku ya kwanza ya majaribio tulipolisukuma gari kwa mkono lilikwenda hatua chache likasimama kama mkokoteni wenye gurudumu bovu.

Mwambie kijana wako kwamba kilomita 5,385 si chumvi, ila ni tunda la miaka mingi. Mwaka 1939 wanasayansi wa maabara ya Shell huko Wood River, jimbo la Illinois, waliwekeana dau nani atakwenda mbali zaidi kwa galoni moja, na mshindi akapata takribani maili 50, sawa na kilomita 21 kwa lita. Mashindano ya wanafunzi yalipoanzishwa Ufaransa mwaka 1985, mshindi alipata kilomita 680 kwa lita. Kutoka 21 hadi 680, na kutoka 680 hadi maelfu, kilichobadilika zaidi si injini. Kilichobadilika ni kiasi cha nguvu ambacho gari linahitaji ili litembee.

Chukua gari lako utakalojenga na tukadirie. Gari liwe kilo 75, dereva pamoja na kofia na mavazi yake kilo 55, jumla kilo 130. Ukitumia matairi ya baiskeli laini yaliyojazwa upepo vizuri, yenye kizio cha msuguano (yaani nguvu inayovuta nyuma ikigawanywa kwa uzito wa gari) cha 0.006, ardhi italivuta gari nyuma kwa nguvu ya niutoni 7.65. Hewa nayo, kama umelifunika gari kwa adabu bila ufundi wa ajabu, kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa italizuia kwa niutoni kama 3.5. Jumla ni niutoni 11 na kitu, na ukizidisha kwa mwendo unapata wati 77. Wati 77, Mwalimu! Hiyo ni balbu moja ya zamani ya kuwakia barazani. Injini yako ya cc 125 ina uwezo wa kutoa wati elfu kadhaa, kwa hiyo kuitumia kwa kazi hii mfululizo ni sawa na kukodi lori la tani kumi kubeba kapu la nyanya. Injini inayofanya kazi kidogo kuliko uwezo wake hupoteza sehemu kubwa ya mafuta kwa kujizungusha yenyewe tu.

Sasa endelea na hesabu hiyohiyo. Lita moja ya petroli ina nishati ya takribani megajuli 32. Kama injini na mnyororo wako vinafikisha kwenye gurudumu asilimia 10 tu ya nishati hiyo, utakwenda kilomita kama 288 kwa lita. Ukifikisha asilimia 15, unakwenda zaidi ya 430. Bodaboda nzuri inayoendeshwa kwa upole hufika 50 hivi. Kwa hiyo hata gari la plaiwudi lililojengwa kwa uangalifu litawafungua macho watoto.

Zingatia kwamba katika hesabu hiyo theluthi mbili za mzigo zinatoka kwenye matairi, na theluthi moja tu ni hewa. Ukipandisha mwendo hadi kilomita 40 kwa saa, hewa inaruka hadi karibu niutoni 9 na kuyapita matairi, kwa maana ukizidisha mwendo mara mbili, kizuizi cha hewa huongezeka mara nne. Ndiyo sababu mashindano haya huendeshwa kwa mwendo wa wastani wa karibu kilomita 25 kwa saa, na ndiyo sababu kwa shule inayoanza ningeweka matairi, uzito na unyoofu wa magurudumu mbele, umbo zuri la nje lifuate, na injini iwe ya mwisho kabisa.

Kabla ya kufunga injini, fanya jaribio hili. Tafuta barabara ngumu iliyo tambarare. Chora mistari miwili kwa chaki, umbali wa mita 6. Sukumeni gari likiwa na dereva ndani mpaka lipite kati ya mistari hiyo kwa sekunde 2, yaani mita 3 kwa sekunde, na wasukumaji waliachie kabla ya mstari wa kwanza. Kutoka mstari wa pili liache lisereke hadi lisimame lenyewe, kisha pima umbali. Kizio cha msuguano ni mwendo uliozidishwa kwa wenyewe, ukagawanywa kwa mara mbili ya 9.81 ikizidishwa kwa umbali. Likienda mita 70 unapata kama 0.0066. Kwa mwendo mdogo hivyo hewa haina neno kubwa, kwa hiyo unachopima ni magurudumu, beringi na breki zako.

Ila usipime upande mmoja tu. Barabara inayoonekana tambarare kwa macho inaweza kushuka milimita moja kwa kila mita, na mteremko huo mdogo peke yake ni 0.001, ambayo ni sehemu ya sita ya kile unachokitafuta. Pima kwenda na kurudi, kokotoa vizio viwili, kisha chukua wastani wa vizio, si wastani wa mita.

---

Fundi wa Msamvu, Morogoro

Mwalimu na Mhandisi, nawasalimu nyote.

Nakubaliana na Mhandisi kuhusu matairi, lakini kuhusu injini naona amehukumu haraka. Mimi natengeneza pikipiki mwaka wa kumi na sita huu, na ninajua shule ikiambiwa itafute injini ndogo ya kisasa itatafuta mpaka mwaka wa masomo uishe.

Vikosi vingi vya nje hutumia injini kama Honda GX35 ya cc 35.8, ambayo ni ya mashine za kukatia nyasi. Ni nyepesi, kilo tatu na ushei, wakati injini ya bodaboda pamoja na gia zake inazidi kilo 20. Hilo ni kweli, na kilo 20 katika jumla ya kilo 130 si mzaha. Lakini injini ya mashine ya nyasi huwashwa kwa kuvuta kamba, na dereva aliyelala chali amefungwa mikanda hawezi kuvuta kamba kila baada ya dakika moja. Itabidi mtengeneze stata yenu wenyewe. Injini ya bodaboda ina stata ya umeme tayari, ina klachi, vipuri vyake viko kila kona, na akiharibu mwanafunzi pistoni leo, kesho anapata nyingine bila kuandika barua ya maombi.

Halafu mnashindana shule tatu. Jambo lenye maana si cc ngapi, bali wote watumie injini ya aina moja. Wenzetu wamefanya hivyo tangu zamani. Mashindano ya Honda huko Japani, yaliyoanza mwaka 1981, yamejengwa juu ya injini ya Honda ya cc 50 ya mipigo minne, na rekodi yao iliyowekwa mwaka 2011 ni kilomita 3,644 kwa lita. Marekani nako, mashindano ya Supermileage ya SAE, chama cha wahandisi wa magari, yaliwapa washiriki injini ndogo ya silinda moja ya Briggs & Stratton ili tofauti iwe katika ufundi wa wanafunzi na si katika mfuko wa mfadhili. Kaeni na wenzenu mkubaliane: bodaboda cc 100 au 125 kwa wote, na kila shule ihangaike na mengine.

Mkikubaliana hivyo, haya ndiyo ninayoyashauri. Msiendeshe injini mfululizo. Tumieni gia ya juu, wekeni sproketi zitakazoifanya injini ifanye kazi nzito kwa mzunguko wa wastani, ipandishe mwendo kwa sekunde chache, kisha izimwe kabisa. Kwenye gurudumu la nyuma lazima kuwe na friwili nzuri, ili injini ikizimwa mnyororo usimame na gurudumu liendelee kuzunguka bila kuburuta kitu. Wengi husahau hapo; wanazima injini huku gurudumu bado linazungusha mnyororo, gia na mafuta mazito ya ndani, halafu wanashangaa gari linasimama.

Injini ya mipigo miwili iacheni kabisa, hata mkipewa bure. Hupitisha petroli mbichi kwenye ekzosi na huchoma oili pamoja na petroli. Hata Shell Eco-marathon haziruhusiwi.

Kuhusu kabureta, kijana anayetaka kuifungua kesho mpe plagi aisome kwanza. Rangi ya plagi itamwambia kama mchanganyiko una mafuta mengi, na hapo ndipo atakuwa na sababu ya kugusa jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopimia petroli.

---

Bi Dereva, Unguja

Assalaam alaykum Mwalimu, pamoja na Mhandisi na Fundi.

Nimesoma yote kwa furaha, ila naona mmeshughulika na chuma na kumsahau mtu aliyemo ndani. Nilisoma Malaysia, na mwaka 2012 niliendesha gari la chuo chetu kwenye uwanja wa Sepang, katika mashindano ya Asia. Nilichaguliwa si kwa sababu ya ujuzi. Nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa mdogo wa mwili kuliko wote. Kanuni zinataka dereva wa gari la aina hii asipungue kilo 50 akiwa na mavazi yake, na akipungua huongezewa uzito. Mimi niliongezewa vipande viwili vya risasi, vikafungwa chini ya mgongo wangu. Wekeni kanuni kama hiyo, Mwalimu, la sivyo shule moja itamleta mtoto wa darasa la tano, na mtaanza kugombana.

Fundi amesema izimwe injini na gari lisereke. Kwa nje ni jambo jepesi, lakini ndilo lililonichukua wiki tatu kujifunza. Gari letu lilikuwa linapandishwa kutoka kilomita 15 hadi 35 kwa saa, halafu naachia. Kwa gari la kilo 130 alilolipigia hesabu Mhandisi, kupandisha hivyo ni kazi ya sekunde saba hadi kumi kwa injini ndogo, kisha gari linakwenda mita mia nne na zaidi kimya kabisa, unasikia matairi na pumzi yako tu. Ukiwasha mapema, unaharibu. Ukichelewa, unashuka chini ya mwendo wa wastani na muda unakuishia. Sepang ina vilima, kwa hiyo nilikuwa na alama zangu: bango fulani nawasha, ukingo uliopakwa nyekundu nazima. Na breki usiiguse isipokuwa kwa usalama, kwa sababu kila unapofunga breki unamwaga petroli uliyokwisha kuichoma. Kona niliikadiria kutoka mbali, nikaingia na mwendo ambao gari linauweza.

(Nisieleweke vibaya na vijana. Hili si lile la madereva wa malori wanaoweka gia huru wakishuka mteremko wa Kitonga. Lori la tani thelathini mteremkoni linaihitaji injini ilishike. Hivi ni vitu viwili tofauti, na pale kinachofuata ni msiba.)

La joto pia mlitazame. Ndani ya ganda lililofungwa, jua la saa sita, kofia kichwani, jasho linaingia machoni na huna mkono wa kulifuta. Toboeni tundu la hewa mbele ya uso wa dereva, hata kama Mhandisi atalalamika kuhusu umbo.

Usalama usipunguzwe kwa kuwa ni mashindano ya nyumbani. Dereva lazima aweze kutoka mwenyewe ndani ya sekunde 10. Kuwe na upinde wa chuma unaopita juu ya kofia yake kwa sentimita 5, mikanda ya pointi tano, ukuta wa bati usio na tundu kati yake na injini, swichi ya kuzimia ndani na nyingine nje, na kizimamoto. Breki zijaribiwe gari likiwa na dereva kwenye mteremko wa asilimia 20, lisimame bila kuteleza. Kwetu magari yenye injini nzuri sana yalirudishwa karakana kwa sababu ya breki, tena zaidi ya mara moja kwa siku.

Mwisho ni upimaji wa mafuta, na hapa nasema kwa uchungu. Mbio yetu ya pili ilikuwa nzuri kuliko zote. Mwendo ulikuwa shwari, injini iliwaka kila nilipoigusa. Nilipofika, mkaguzi alitazama mpira mwembamba unaotoka kwenye tangi la kioo, akanionyesha kwa ncha ya kalamu yake: kiputo cha hewa, kirefu kama punje ya mchele, kimekwama kwenye kona. Mpira ule ulikuwa umeanza na petroli tupu, sasa kuna hewa, kwa hiyo kipimo cha juu ya tangi hakikuwa kweli tena. Mbio ikafutwa. Kosa lilikuwa letu, tuliukunja mpira vibaya. Kwa mbio ya kilomita 16, gari linalokwenda kilomita 400 kwa lita linatumia mililita 40 tu. Mililita moja iliyopotea ni asilimia 2.5 ya matokeo yenu. Tumieni mpira unaoonekana ndani, upande moja kwa moja bila kona, na tangi dogo lenye shingo nyembamba iliyochorwa mstari. Baada ya mbio jazeni hadi mstari uleule kwa bomba la sindano, msome mililita zilizoingia.

Na magari yote yapimwe petroli ikiwa na joto moja. Petroli hutanuka takribani asilimia 1 kwa kila nyuzi 10, ndiyo maana waandaaji wa Shell Eco-marathon hurekebisha hesabu zote hadi nyuzi 15. Ninyi inatosha dumu moja likae kivulini, wote wachote humo.

---

Mhandisi wa Kongowea

Tundu la hewa nimelikubali, Bi Dereva, lakini liwe puani kabisa mwa gari, si ubavuni.

Fundi, naomba nirudi nyuma hatua moja. Kwa shule tatu zinazotumia injini moja hoja yako ina nguvu, na sina ubishi tena. Ningeongeza sharti moja tu: sanduku la gia ruhusa kulipunguza. Anayeweza kuondoa gia asizozihitaji apate faida ya kazi yake.

Mwalimu, jaribio la kusereka likikupa mita chache kuliko ulivyotarajia, usikimbilie kununua matairi. Inua kila gurudumu, lizungushe kwa mkono na usikilize kama breki inagusa. Kisha pima unyoofu wa magurudumu mawili ya mbele: chora mstari wa chaki katikati ya kila tairi, pima umbali kati ya mistari hiyo upande wa mbele wa tairi na upande wa nyuma, kwa kimo cha ekseli kutoka ardhini. Namba zikitofautiana, basi magurudumu hayatazami njia moja, na kila moja linaburutwa kidogo kwa ubavu muda wote. Sisi tulipoteza zaidi hapo kuliko mahali pengine popote, na dawa yake ilikuwa kuzungusha nati moja.

---

Mwalimu wa Karakana, Tanga

Ndugu zangu, nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na namba.

Fremu ilikamilika wiki iliyopita, bila injini, bila ganda. Jumamosi tuliipeleka kwenye barabara ya saruji iliyo mbele ya maghala ya zamani ya mkonge, ambayo kila mtu hapa huiita tambarare. Dereva ni binti wa miaka 17 mwenye kilo 47, tukamwongezea mfuko wa mchanga. Upande mmoja gari lilikwenda mita 46, upande wa pili mita 36. Nikawakabidhi wanafunzi hesabu wakaipiga kwa vijiti ardhini: 0.0100 na 0.0127, wastani kama 0.0114. Karibu mara mbili ya alichoandika Mhandisi. Wakanuna.

Tukainua magurudumu. La nyuma, kitambaa cha breki kilikuwa kinagusa rimu mara moja kila mzunguko, kwa sababu rimu yenyewe imepinda. Kijana mmoja alikaa nayo kwa saa nzima akikaza spoku moja baada ya nyingine, akiweka kipande cha kuni karibu na rimu ili aone inapogusa. Magurudumu ya mbele tuliyapima kwa chaki: mbele ni pungufu ya nyuma kwa milimita 9. Tukazungusha nati mpaka tofauti ikabaki chini ya milimita moja. Mwisho tukagundua kwamba pampu yetu ina geji inayosema uongo, matairi yalikuwa na nusu ya upepo ulioandikwa ubavuni mwake. Tukaazima pampu ya fundi baiskeli wa sokoni.

Jioni tukarudia. Mita 86 kwenda, mita 55 kurudi. Vizio ni 0.0053 na 0.0083, wastani 0.0068. Na barabara ya maghala tumegundua inainamia baharini kwa milimita moja na nusu kila mita, jambo ambalo mlinzi wa pale amekataa katakata kuliamini.

Shule zote tatu zimeafiki pendekezo la Fundi, cc 125 kwa wote, na sharti la Mhandisi kuhusu gia tumelipitisha. Kanuni za Bi Dereva nimezibandika ukutani karakana kama alivyoziandika. Sasa vijana wanataka kushuka chini ya 0.006 kabla ya kufunga chochote, na yule aliyetaka kufungua kabureta ndiye anayegombania kushika chaki. Injini bado iko kwenye sanduku lake.

Fundi, nikuulize jambo moja kabla hatujaagiza: friwili ya BMX itahimili mvuto wa injini ya cc 125, au tutafute ya guta?

---

Fundi wa Msamvu, Morogoro

Ya BMX itakatika meno siku ya kwanza, Mwalimu. Chukua ya guta, ioshe grisi yote kwa petroli, kisha itie oili nyepesi matone mawili tu. Grisi ikibaki ndani, hizo mita 86 utazisikia kwenye hadithi.